Nani Atang'arisha Jiwe la Kajiado?

Barabara ya Namanga, kipande cha kutoka Kajiado hadi Athi River, hupitisha mizigo ya aina mbili inayotoka katika ardhi moja. Upo mzigo wa mawe na kokoto, umemwagwa tu ndani ya tipa, turubai likipigwa na upepo. Na upo mzigo wa vigae, umepangwa ndani ya maboksi, kila kigae kingo zimenyooka na uso unaakisi taa za dukani. Tani kwa tani, bei zake hazikaribiani. Kilichoongezwa juu ya udongo ni moto, na baada ya moto, kazi ya kulainisha uso.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana Kajiado kwa karibu karne nzima. Nchi hii ilitoa magadi ya kutengenezea kioo, ikatoa marumaru, ikatoa mawe ya chokaa, lakini mashine ya kusugua na kung'arisha ilikaa kwingine, na sehemu nono ya faida ilikaa pamoja nayo. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tufuate mashine yenyewe: ilivyozaliwa, ilivyosafiri, na ilivyowahi kujifukuza kazi.

Mchanga, maji na misuli

Anayetaka jiwe ling'ae hufanya jambo lile lile walilofanya mafundi wa Misri ya kale. Hulisugua kwa kitu kigumu kuliko lenyewe, kisha kwa kingine chenye chembe ndogo zaidi, na kingine tena. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha midogo kuliko hiyo. Mikwaruzo ikipungua hata mwanga usiikute, miale hurudi kwa pamoja badala ya kutawanyika, na jiwe huonekana kama limepakwa mafuta. Hakuna dawa ya siri hapo. Ni subira tu, na subira hulipiwa.

Pliny, Mrumi wa karne ya 1, aliandika kwamba mchanga uliosifiwa kuliko yote kwa kukatia marumaru ni ule wa Ethiopia, jina ambalo watu wa zama zake walilitumia kuitaja nchi yote ya kusini mwa Misri. Akaeleza pia kuwa kinachokata si chuma bali ni mchanga: ukanda wa chuma huenda na kurudi tu, ukiusukuma mchanga ule ndani ya ufa. Kufikia karne ya 4 mshairi Ausonius alikuwa akitaja misumeno ya marumaru iliyoendeshwa na maji ya mto, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani.

Pwani yetu nayo ilikuwa na ufundi wake wa nyuso laini. Maseremala walisugua mbao kwa majani makavu ya msasa, na waashi wa Lamu walimalizia kuta kwa niru, lipu nyeupe ya chokaa iliyolainishwa mpaka ikawa kama ganda la yai. Huku bara, kwenye nyanda za Kaputiei, mama wa Kimaasai alisiriba nyumba kwa samadi ya ng'ombe na kuirudia kila iliponyauka. Watu waliohama na mifugo yao hawakuwa na sababu ya kupoteza siku kumi wakisugua jiwe ambalo wangeliacha nyuma.

Kilichogeuza mambo duniani ni kioo. Mwishoni mwa karne ya 17 Wafaransa walianza kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya meza ya chuma na kukitandaza kwa rola hadi kikawa bamba. Bamba hilo lilitoka na uso mbovu, kwa kuwa liliguswa na chuma juu na chini, kwa hiyo ilibidi lisuguliwe pande zote mbili kwa mchanga, kisha ling'arishwe kwa unga mwekundu wa kutu ya chuma. Ndiyo maana kioo kikubwa cha kujitazamia kilikuwa mali ya wafalme. Uingereza ilianzisha kiwanda chake Ravenhead, katika mji wa St Helens, mwaka 1773, na mwaka 1789 injini ya mvuke ya James Watt ikafungwa pale ili izungushe vyombo vya kusugulia.

Mashine ya kung'arisha mabamba ikawa imezaliwa, nayo ilizaliwa na masharti matatu: nguvu ya kuizungusha, maji mengi ya kuipoza, na soko lililo karibu, kwa sababu bamba lililong'arishwa huchukia safari. Kajiado haikuwa na yote matatu kwa wakati mmoja mpaka majuzi.

Magadi yaondoka, 1904–1926

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwekeana mkataba na Wamaasai, Olonana akiwa laibon, yaani kiongozi wao wa kiroho, na wakagawiwa hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli ya Uganda. Mkataba wa 1911 ulifuta ile ya kaskazini. Watu na mifugo wakasukumwa kusini, katika nchi ambayo leo ndiyo Kajiado na Narok. Wapo waliokwenda mahakamani kupinga. Kesi yao ikatupwa mwaka 1913.

Mwaka ule ule wa 1911 ndipo ilipoundwa kampuni ya Magadi Soda. Ziwa Magadi ni mali ya ajabu: tabaka jeupe la magadi ghafi hujazwa tena na chemchemi za moto zilizo ukingoni, hivyo panapochimbwa hujijenga upya. Kampuni ilihitaji njia ya kuyatoa. Reli ya kilomita zipatazo 146 ikatandikwa kutoka Konza, ikapita Kajiado, ikateremka Bonde la Ufa mpaka ziwani, na kufikia 1915 ilikuwa imefunguliwa. Mji wa Kajiado ulikulia kando ya reli hiyo. Kampuni yenyewe haikutulia haraka. Vita Vikuu vya Kwanza viliiyumbisha, mwaka 1924 ikaangukia mikononi mwa Brunner Mond, na miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaunganishwa na makampuni mengine kuwa ICI.

Kwa nini wenye viwanda walihangaika hivyo kwa ajili ya unga mweupe wa jangwani? Kioo. Mchanga safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, joto linalotafuna tanuri. Ukiuchanganya na magadi, huyeyuka chini ya hapo, na ukitia chokaa kidogo kioo hakitaharibiwa na maji. Mchanga, magadi, chokaa: Kajiado ilikuwa na viwili kati ya vitatu hivyo, tena kwa wingi.

Hata hivyo hakuna aliyejenga tanuri la kioo pale. Wengine huona hila za kikoloni, nami sikatai kwamba koloni lilijengwa ili litoe malighafi. Lakini sababu nzito zaidi, naona, ilikuwa soko. Tanuri la kioo bapa likishawashwa haliwezi kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi. Huwaka miaka mfululizo. Nairobi ya 1926 ilikuwa na madirisha mangapi? Magadi yakapanda treni hadi Konza, yakashuka Mombasa, yakapakiwa melini.

Mashine iliyojifukuza kazi, 1935–1959

Ulaya ya wakati huo ilikuwa na aina mbili za kioo bapa. Kioo cha kuvutwa kilipanda kutoka tanurini kama utando, kikapoa bila kuguswa, hivyo kiling'aa chenyewe, ila kilikuwa na mawimbi. Ukitazama nje unaona mti umepinda. Kioo cha kumwagwa kilinyooka, lakini sharti kisuguliwe. Gari na duka kubwa vilitaka kilichonyooka.

Kampuni ya Pilkington ya St Helens ilipambana na tatizo hilo kwa kujenga mashine kubwa kuliko zote. Mwaka 1935, kwenye kiwanda chake cha Doncaster, ilianza kusugua utepe wa kioo pande zote mbili kwa wakati mmoja, utepe ukiwa bado haujakatwa, ukipita kati ya safu ndefu za magurudumu ya chuma yaliyolishwa mchanga na maji. Ilikuwa kazi ya uhandisi wa hali ya juu na ya ufujaji wa hali ya juu pia. Sehemu kubwa ya kioo kilichokwisha kulipiwa mafuta na magadi iligeuka tope na kutupwa.

Halafu, mwaka 1952, mhandisi wao Alastair Pilkington (jina lilifanana tu na la wenye kampuni) akaanza kushughulikia wazo la kukiacha kioo kielee. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na uso wake ukiwa umeyeyuka hutulia kama maji ya mtungini. Kioo kikimwagwa juu yake kingali laini, hujitandaza, huwa bapa chini kwa sababu ya bati na bapa juu kwa uzito wake chenyewe, na hutoka upande wa pili kimeshaganda bila kuguswa na rola wala jiwe. Ilichukua miaka saba na mamilioni ya pauni ya vioo vibovu. Mwezi Januari 1959 kampuni ikatangaza kuwa imefaulu.

Katika miaka michache iliyofuata wenye viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani walipanga foleni kununua leseni. Mashine kubwa za kusugua kioo, fahari ya vizazi vitano vya mafundi, ziling'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Lakini magadi yalibaki kuhitajika vile vile. Mapinduzi yote hayo yalipita juu ya Kajiado bila kuigusa. Treni ya magadi haikubadili hata ratiba.

Marumaru ya Turoka na enzi ya terazo

Kabla reli ya Magadi haijakamilika, mwanajiolojia John Parkinson alichapisha mwaka 1913 maelezo ya miamba iliyopo kati ya Machakos na Ziwa Magadi. Ilikuwa miamba iliyowahi kuwa mashapo ya bahari, ikazikwa, ikapikwa na kukamuliwa ndani ya dunia mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mawe ya chokaa yaliyokuwamo yaligeuka marumaru. Kundi hilo la miamba likapewa jina la Turoka, na jina la machimbo ya marumaru, KMQ, hadi leo ni jina la mahali katika Kajiado ya Kati. Ukimwuliza kijana wa huko KMQ ni nini atakwambia ni kwao. Si kila mmoja anakumbuka kuwa herufi hizo zilikuwa jina la shimo la mawe.

Marumaru ilikuwepo, basi, na reli ilikuwa hatua chache tu. Sehemu kubwa ya jiwe hili hata hivyo haikuishia kuwa mabamba. Ilisagwa. Ilikwenda kuwa unga wa viwandani na chokaa, na ilikwenda kuwa chembe za terazo.

Terazo inastahili heshima kuliko inayopewa. Katika miaka ya kabla na baada ya uhuru, majengo ya serikali, benki, shule na hospitali za Kenya yalitandikwa sakafu hiyo, na nyingi zingali imara. Fundi humwaga saruji iliyochanganywa na chembe za marumaru katikati ya vipande vya shaba au kioo vinavyogawa sakafu, akaiacha igande siku kadhaa, kisha akaleta mashine. Ni mashine nzito yenye mota, mpini kama wa toroli, na chini yake sahani yenye mawe ya kusugulia. Fundi huisukuma huku na huku kwa mwendo wa nusu duara, msaidizi akimwaga maji, na uji wa kijivu ukitiririka hadi mlangoni. Baada ya mzunguko wa kwanza sakafu huwa na vishimo. Hujazwa kwa saruji nyepesi, husubiriwa, husuguliwa tena kwa mawe laini zaidi, mwishowe hupakwa nta. Mawe yale ni zao la ugunduzi wa mwaka 1891, pale Mmarekani Edward Acheson alipopata kaborandamu akichoma mchanganyiko wa udongo na makaa kwa umeme. Kabla yake dunia ilitegemea mchanga na vito vya kuchimbwa.

Hii ndiyo mara ya kwanza kwa jiwe la Kajiado kung'arishwa kwa mashine ndani ya Kenya kwa wingi. Angalia lakini lilivyofika hapo: limevunjwavunjwa kwanza, likazama ndani ya saruji, likaonekana kama madoa. Mwananchi wa kawaida hakulipata hata hivyo. Sakafu yake ilikuwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ikapakwa nta ya kopo na kusuguliwa kwa magoti Jumamosi asubuhi, na atakayekuwa amelelewa katika nyumba kama hiyo hahitaji kuelezwa mashine ya kung'arishia ilikuwa nani.

Vioo vya kando ya Mbagathi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alianzisha karakana ya vioo vya rangi kwenye ukingo wa bonde la Mbagathi, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mahali pale pakajulikana kwa jina la Kitengela Glass. Baadaye mwanawe, Anselm Croze, akaongeza tanuri la kupulizia kioo. Malighafi yao ni kioo chakavu: chupa, na mabaki ya vioo vya madirisha yanayokusanywa jijini.

Kwa historia hii Kitengela Glass ni tawi la pembeni, ila ni tawi linalofundisha. Kioo kinachotoka tanurini huwa na alama pale kilipotenganishwa na bomba, na kingo zake zina wembe. Hapo huja kazi ya ubaridi: gurudumu la kusugulia linalozunguka chini ya mchirizi wa maji, kisha unga wa jiwe pumisi, kisha kipande cha nguo nene chenye unga wa kung'arishia. Hatua ni zile zile za Ravenhead, zimepunguzwa hadi zikatosha juu ya benchi moja. Sanaa ya Kitengela ilionyesha kwamba ujuzi huo unaweza kukaa Kajiado bila taabu yoyote, mikononi mwa mafundi waliofundishwa papo hapo. Kilichokosekana kilikuwa kiwango.

Ranchi yagawanywa, mji waota

Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai hatimiliki za pamoja kupitia ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ilianza kugawanywa kwa wanachama binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mmoja akapata karatasi yake, na karatasi inaweza kuuzwa. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya mauzo ya nje (EPZ), na eneo kubwa la aina hiyo likajengwa Athi River, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Wafanyakazi walihitaji vyumba, wenye mashamba walihitaji fedha, na madalali walijua kuwakutanisha. Sensa ya 2019 ilikuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000.

Mji ukiota hivyo, sharti la tatu la mashine yetu, lile la soko, likatimia bila mtu kulipangia. Kila ghorofa mpya ilitaka sakafu, ngazi, kaunta ya jikoni. Kandokando ya barabara zikajitokeza yadi za mawe: mabamba ya Mazeras yaliyopasuliwa kwa patasi, granaiti nyeusi kutoka India na China ikiegemea vyuma kama vitabu rafuni, na nyuma yake mafundi wenye grinda.

Mafundi hao walikuwa wakinufaika na tukio la mbali. Mwezi Desemba 1954, katika maabara ya General Electric, Marekani, ilipatikana almasi ya kutengenezwa kwa mgandamizo na joto. Kwa miongo kadhaa ilibaki ghali. China ilipoanza kuizalisha kwa wingi, hasa mkoani Henan, bei ikaporomoka, na almasi ikawa kitu cha kuuzwa katika duka la vifaa vya ujenzi, imepachikwa kwenye diski ya kukatia na kwenye pedi za plastiki zenye rangi rangi. Kazi iliyohitaji injini ya mvuke ikaweza kufanywa na mtu mmoja mwenye waya wa umeme na mpira wa maji.

Mtazame anavyomalizia ukingo wa kaunta. Huanza na pedi namba 50, inayonguruma na kuacha uso mweupe kama chokaa. Hupita 100, 200, 400. Kufika 800 granaiti huanza kurudisha weusi wake. 1,500 huonyesha kivuli cha kidole, na 3,000 huonyesha kucha. Haruki hatua. Akiruka, mkwaruzo wa namba 100 utabaki chini ya mng'aro wote unaofuata na utaonekana siku mwenye nyumba atakapofungua pazia asubuhi. Sauti ya pedi ndiyo inayomwambia wakati wa kubadilisha: ikiacha kukwaruza na kuanza kuteleza, imekwisha kazi yake.

Maji ndiyo taabu. Kitengela hunywa maji ya visima na ya boza, na fundi anayelipia kila lita hushawishika kusugua pakavu. Vumbi la granaiti lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Hujenga makovu ambayo hospitali haiwezi kuyaondoa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Hili ni jambo ambalo wenye yadi wanalijua na hawalisemi vya kutosha.

Kuna swali ambalo mgeni huuliza katika yadi hizo: marumaru ya Kajiado iko wapi? Jibu limo jikoni. Marumaru, hata ing'ae vipi, ni chokaa. Tone la ndimu likidondoka juu yake na kusahauliwa, asidi hula mng'aro na kuacha doa jeupe ambalo halitoki kwa kufutwa. Granaiti haijali ndimu. Akina mama wa mjini waligundua hilo upesi kuliko wachoraji wa majumba, na jiwe lililochimbwa umbali wa saa moja likashindwa na jiwe lililovuka bahari.

2016: mashine yakifuata kifusi

Mapinduzi yenyewe yalitoka Foshan, kusini mwa China, mji wa wafinyanzi tangu kale. Katika miaka ya 1980 viwanda vya huko vilinunua mitambo ya vigae kutoka Italia, nchi iliyokuwa ikiongoza dunia kwa kazi hiyo. Kuagiza kila kipuri Ulaya kulikuwa mzigo. Mwaka 1992, Shunde, jirani na Foshan, ikaanzishwa kampuni ya Keda, iliyojipatia jina kwa kutengeneza mashine za kunyoosha kingo na kung'arisha vigae, kisha ikapanuka hadi mashinikizo na mitambo mizima. Ikafika hatua soko la China likajaa. Mtengenezaji wa mashine akaamua kwenda mwenyewe kuzitumia mahali ambapo vigae vilikuwa bado vinaagizwa kwa meli.

Akichanganya mtaji na Sunda, kampuni ya biashara ya Guangzhou iliyokuwa na maduka Afrika kwa miaka mingi, alichagua Kenya iwe ya kwanza barani. Kiwanda kilijengwa Kaunti ya Kajiado na kuanza uzalishaji mwishoni mwa 2016, vigae vyake vikiuzwa kwa jina la Twyford. Ghana na Tanzania zilifuata mwaka uliofuata. Hesabu yake ni rahisi kuifuata: kigae ni kizito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo nauli ya meli na ya lori kutoka Mombasa hula sehemu kubwa ya bei. Udongo, mawe ya kusaga na barabara ya Namanga iliyokarabatiwa vilikuwa tayari. Nguvu, maji, soko: hatimaye vyote vilikutana.

Mashine ya kung'arishia vigae haifanani na grinda ya yadi. Udongo husagwa kwa maji, hukaushwa kuwa chenga, hushinikizwa kuwa bamba, hupita tanuri refu la rola penye joto la nyuzi 1,200 hivi. Likishapoa, bamba huingia kwenye laini ya kumalizia. Kwanza rola za almasi husawazisha unene. Kisha huja safu ya vichwa vinavyozunguka, kila kimoja kikiwa na matofali madogo ya kusugulia, vya mwanzo vikiwa na chembe nzito na vya mwisho laini kabisa, huku daraja lililovibeba likipepea kushoto na kulia na vigae vikisonga mbele bila kusimama. Maji humwagika muda wote. Hukusanywa, tope likatuama, yakarudishwa tena. Mwishowe majimaji yenye chembe ndogo mno husuguliwa ndani ya vitundu ili chai ikimwagika isiingie. Kinachomchukua fundi wa yadi nusu siku, laini hukimaliza kwa dakika chache, na hakuna anayesikiliza sauti ya pedi. Mota yenyewe hupima mzigo wake.

Matokeo hayakuwa ya upande mmoja. Kigae kilishuka bei na kuingia katika nyumba ya vyumba viwili ya Isinya na Bissil, mahali ambapo miaka ishirini kabla ilikuwa saruji tupu. Mafundi wa kubandika vigae waliongezeka hata ikawa kila mtaa una wake. Mafundi wa terazo walizeeka bila wanafunzi, ingawa wasanifu wa Nairobi wameanza kuwatafuta tena. Na terazo iliyodumu miaka hamsini inaweza kusuguliwa upya. Kigae kilichochakaa hung'olewa na kutupwa. Sijaona nani anayepiga hesabu ya kifusi hicho.

Vigae vingi vya sasa huchapwa picha ya marumaru kwa wino wa kidijitali, vikafunikwa kwa ute wa kioo, na ute huo ndio unaosuguliwa kidogo juu juu. Kwa hiyo katika Kaunti ya Kajiado, iliyo na marumaru halisi chini ya ardhi, watu wanatembea juu ya picha ya marumaru ya Italia. Silaumu; picha haiogopi ndimu.

Lililobaki

Kioo bapa ndicho bado. Mwaka 2023 Tanzania ilizindua kiwanda cha kioo cha kuelea Mkuranga, mkoa wa Pwani, na kuonyesha kuwa soko la Afrika Mashariki limetosha kulisha tanuri lisilozimwa. Kenya haina tanuri la namna hiyo. Magadi, ambayo tangu 2005 yako chini ya kundi la Tata la India, yanaendelea kuteremka Mombasa.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Mrabaha huo huhesabiwa kwa thamani ya kilichochimbwa, kabla hakijasuguliwa. Madiwani wa Kajiado wanaopigania asilimia 20 yao wana haki, lakini wanapigania fungu la kitu cha bei ya chini. Leseni ijayo ya machimbo ikiletwa mezani, na waulize kwanza: mashine ya kumalizia itafungwa wapi, maji yake yatatoka kisima gani, na tope lake litamwagwa kwa nani?